Jinsi nilivyotambua nyota badilifu ya milipuko

Katika picha za kawaida, nyota hii ni nukta hafifu ya buluu yenye mag 20 hivi (mag ni kipimo cha mwangaza, na namba ikiwa ndogo nyota hung'aa zaidi), na hakuna kinachoitofautisha na jirani zake. Kilichonivutia ni mahali ilipoangukia kwenye mchoro wa rangi na mwangaza niliouchora kwa vipimo vya chombo cha angani Gaia: chini ya nyota za kawaida na juu ya vibete vyeupe, yaani viini vidogo vizito vya nyota zilizokufa. Hapo ndipo hupatikana jozi nyingi ambamo kibete cheupe hunyonya gesi ya nyota mwenzake. Gesi hiyo hujikusanya kwanza katika kisahani kinachokizunguka kibete, na ikishalundikana na kupata joto la kutosha, haidrojeni yake hugeuka ioni (atomi hupoteza elektroni), msuguano wa ndani hupanda, gesi humiminika kwa kasi kuelekea kibete, na kisahani chote hung'aa kwa siku kadhaa. John Russell Hind aliiona U Geminorum, nyota ya mfano ya kundi hili la nyota za milipuko, mwaka 1855.

Nilifungua kumbukumbu za ZTF, mradi wa kupima anga ulioanza kazi mwaka 2018 kwenye kituo cha Palomar, Marekani, na nikakuta kwamba nyota yangu hupanda mara chache hadi karibu mag 16. Grafu ya mwangaza peke yake haikunitosha. Nilizitazama picha zenyewe moja baada ya nyingine, kwa kuwa asteroidi inayopita ingesogea kati ya picha na picha, na chembe ya miale ya kosmiki ikigonga kamera ingeacha alama yenye kingo kali. Nukta yangu ilikuwa ya mviringo kama jirani zake na haikuhama. VSX, katalogi ya nyota badilifu inayotunzwa na AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota hizo chenye makao Marekani, haikuwa nayo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kusubiri. Kila usiku wenye anga safi nilipiga picha chache za eneo lile bila kichujio, na nyota isipoonekana niliandika kikomo cha mwangaza kilichofikiwa, yaani nyota hafifu kabisa ambayo picha ingeweza kuionyesha, maana bila rekodi hizo haiwezekani kujua mlipuko ulianza lini. Naamini hii ndiyo sehemu ambayo watazamaji wengi huipuuza.

Ilipowaka hatimaye, nilipiga mfululizo wa picha za sekunde 60 hadi nyota iliposhuka karibu na upeo wa macho, nikailinganisha na nyota tulivu za jirani. Furaha niliyoipata grafu ilipojitokeza siwezi kuificha: mawimbi ya takriban robo mag, yakipanda haraka na kushuka taratibu, yakijirudia kila baada ya dakika 90 hivi. Mawimbi ya namna hiyo hutokea wakati kisahani kimetanuka hadi mvuto wa nyota mwenza ukakivuta kuwa duaradufu, na duaradufu hiyo yenyewe ikageuka polepole. Ni alama ya nyota za aina ya SU Ursae Majoris, tawi mojawapo la nyota hizi za milipuko, na kwa ushahidi huo niliiwasilisha VSX.

Muda wa mzunguko wa jozi yenyewe bado sijaupima. Kwa kawaida muda wa mawimbi haya huuzidi kwa asilimia chache tu, lakini kuupima moja kwa moja kunahitaji kuitazama nyota ikiwa imetulia kwenye mag 20, kiwango ambacho darubini yangu haikifikii.