Muhogo Mchungu na Inzi Weupe

Msimu wa vuli wa mwaka 2022, nikiwa katika mafunzo ya vitendo ya ugani wilayani Mkuranga, nilihudhuria darasa la shambani kuhusu batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya muhogo yanayoenezwa na inzi weupe. Mtafiti aliyetuongoza alikuwa ameanza kueleza uchaguzi wa pingili pale mama mwenye shamba alipomkatiza: "Mwanangu, mbuzi wangu alikufa kwa kula majani ya muhogo huu. Wadudu hawa wanaunyonya mchana kutwa, mbona hawafi?"

Mpaka leo naliona swali lile kuwa bora kuliko yote niliyoyasikia katika mafunzo yale, na nashukuru kwamba mtafiti hakuliahirisha. Aligeuza jani, akatupokeza lenzi. Upande wa chini walikuwapo wadudu wenye mabawa ya unga mweupe, na kando yao tunutu bapa, wa rangi ya manjano iliyofifia, waliojibandika bila kusogea, midomo yao ikiwa imezama ndani ya jani.

Alieleza kwamba muhogo huweka linamarini, kemikali inayobeba sianidi ndani yake, mahali pamoja na kimeng'enya cha kuivunja mahali pengine. Mbuzi anapotafuna, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana na sumu ya sianidi hutoka. Inzi mweupe hatafuni. Mrija wake mwembamba hupenya kati ya seli hadi kwenye mishipa inayosafirisha sukari, bila kuliponda jani.

"Kumbe anakwepa tu," alisema mama.

"Anakwepa, mama, lakini zipo sumu zinazomfikia vilevile."

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kuhusu utafiti wa Beijing uliochapishwa mwaka 2021. Nyanya, kama mimea mingine mingi, hujikinga kwa sumu ziitwazo glukosidi za fenoli. Inzi mweupe ana jeni iitwayo BtPMaT1, inayotengeneza kimeng'enya cha kubandika kipande kidogo cha kemikali, kundi la maloni, kwenye sumu hizo, nazo zikaacha kumdhuru. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba asili ya jeni hiyo ni mmea: mdudu aliipata zamani sana, akairithisha kizazi hadi kizazi. Watafiti walipotengeneza nyanya zenye uwezo wa kuizima jeni hiyo ndani ya mdudu anayezinyonya, inzi weupe walikufa kwa wingi, ilhali vidukari na utitiri waliojaribiwa kwenye nyanya hizohizo hawakudhurika.

Mama aliuliza mara moja kama mbegu ya muhogo wa namna hiyo inapatikana. Mtafiti alimjibu kwamba zile zilikuwa nyanya za majaribio, na kwamba kwa shamba lake kazi ya siku ile ilikuwa kung'oa mapema mashina yenye batobato na kutochukua pingili kutoka humo. Muda uliobaki tulipita mstari kwa mstari, mama akiwa mbele, tukiyawekea alama mashina ya kung'olewa.