Moshi Mweupe wa Galvanaizi na Homa ya Usiku

Anayechomelea geti au grili nyumbani kwake hukinga macho kwanza, na anafanya vizuri, kwa sababu ule mwanga humwadhibu usiku uleule. Mapafu hayakumbukwi mapema hivyo. Nachomelea uani kwangu, ninapotengeneza stendi za matangi na milango ya stoo, na ninaamini kwamba usalama wa mapafu huamuliwa kabla mashine haijawashwa, chuma kingali baridi mkononi. Barakoa ni kinga ya mwisho, na wengi wetu tumeifanya kuwa ya kwanza na ya pekee.

Nianze na galvanaizi, maana ndiyo iliyojaa majumbani: mabomba ya maji yaliyong'olewa, nguzo za uzio, vipande vilivyosalia baada ya kuezeka. Vyuma hivi vimefunikwa kwa zinki ili visishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijaanza kuyeyuka zinki imekwisha kugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa huwa oksidi ya zinki, chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Aliyewahi kuuona moshi wake hawezi kuusahau. Ni mweupe na mzito, cheche huruka ovyo, na kandokando ya mshono hubaki unga wa manjano ambao hugeuka mweupe chuma kinapopoa, pamoja na nyuzi nyepesi kama sufi zinazopeperuka kwa pumzi tu.

Aliyeuvuta moshi huo huenda asihisi chochote wakati ule. Saa 4 hadi 12 baadaye, mara nyingi akiwa amekwisha kuoga na kula, huanza kutetemeka kwa baridi, viungo vinauma, kichwa kinagonga, kifua kinabana, na mdomoni kuna ladha ya chuma. Kwetu Afrika Mashariki mtu mwenye dalili hizo husema ni malaria, hununua dawa na kulala. Kwa kawaida homa hii hupoa yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na hapo dawa hupewa sifa isiyostahili, kisha Jumamosi inayofuata kazi inaendelea vilevile. Nawasihi wote wanaofanya kazi hii wapime malaria, kwa kuwa nayo ipo na inaua, lakini wamweleze daktari kwamba mchana walichoma galvanaizi.

Kuna imani iliyoenea kwamba glasi ya maziwa kabla ya kazi huondoa sumu. Maziwa huenda tumboni, nao moshi huenda kwenye mapafu. Hakuna mahali vinapokutana. Fundi anayeyategemea huvuta bila woga moshi ambao alipaswa kuukimbia.

Linalosaidia ni kuondoa zinki mahali pa kuunganisha. Kwa grainda au kwa msasa mkali, kwangua sentimita 5 au zaidi kila upande wa mshono mpaka ile rangi ya fedha yenye mabaka itoweke na chuma chenyewe kionekane. Bomba limepakwa nje na ndani, na wengi husahau ndani. Zinki iliyobaki humo hutoka kwa kishindo kupitia mdomo wa bomba, ambao mara nyingi umeelekea usoni pa fundi. Vumbi la kukwangua nalo lisivutwe.

Kisha tazama upepo. Moshi hupanda juu moja kwa moja kutoka kwenye mshono, na aliyeinamia kazi ameweka kichwa chake kwenye njia yake. Kofia ya kuchomelea haimkingi, kwa kuwa moshi huingia kwa chini. Kaa pembeni, upepo ukipita mbele yako kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kwa anayetumia elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za kawaida, feni iliyowekwa ubavuni inatosha kuusukuma moshi, mradi haielekezwi kwenye madirisha ya vyumba au jikoni. Watoto wanaokuja kutazama tumezoea kuwaambia wafumbe macho. Tuwaambie pia waondoke. Stoo iliyofungwa si mahali pa kuchomelea, hata kama mvua inanyesha.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitalini haizuii moshi huu. Inayofaa ni ile ya mpira inayobana uso na kuwa na vichujio vya chembe ndogo, na haibani sawasawa juu ya ndevu. Hata hiyo, ikiwa na vichujio vya chembe peke yake, haizuii gesi.

Gesi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikipatwa na joto na mwanga wa kuchomelea huweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo grisi naiosha kwa sabuni na maji, na chuma nakikausha kabisa. Boliti zenye rangi ya dhahabu nisizozijua asili yake sizichomi, kwa kuwa baadhi zimepakwa kadimiamu, metali yenye sumu, na mvuke wake huweza kujaza mapafu maji siku moja au mbili baada ya mtu kudhani amepona. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, isichomwe. Chuma kisichoshika kutu (stenlesi) hutoa kromiamu ya aina inayosababisha saratani, na mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wote wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Anayeona pumzi inazidi kuwa nzito badala ya kupungua asisubiri asubuhi. Aende hospitali na aeleze ni chuma gani alichochoma na kilipakwa nini.

Kazi ikipoa, pale ulipokwangua pamebaki bila kinga. Piga brashi ya waya, kisha paka rangi yenye zinki mara mbili, hasa chini karibu na ardhi, maana kutu huanzia huko.