Nilivyomwozesha Kajol kwa Salman

Mtafsiri wetu aliugua malaria Ijumaa, na Jumapili saa nane mchana kulikuwa na picha la Kihindi. Ndivyo nilivyopata kazi.

Hiyo ilikuwa Januari 2003, Moshi, Majengo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nyumbani kwetu kijana anayesubiri matokeo alikuwa mtu wa kutumwa. Asubuhi dukani, mchana sokoni Mbuyuni, jioni kusaga mahindi. Mashine ya kusaga ilikuwa hatua hamsini tu kutoka kwetu, ila mama alitutuma ile ya mbali, ng'ambo ya reli, akisema hii ya jirani inatoa unga wenye mchanga. Hatukubisha. Mwenye mashine alikuwa na watoto wanne, wawili nilisoma nao, wote wamekulia unga huohuo na wote wametuzidi mwili.

Kibanda umiza chenyewe kilikuwa cha mbao na mabati, nyuma ya gereji. Mwenye kibanda tulimwita Mangi, kama tunavyomwita kila mwenye duka. Madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa, mabenchi kumi na mawili, televisheni ya inchi 21 juu ya kreti za soda, deki ya CD, spika mbili, moja inakoroma. Kiingilio mkubwa mia, mtoto hamsini. Mtafsiri alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya televisheni, ameshika maikrofoni iliyozungushiwa tambara ili asipigwe shoti. Januari ndiyo jua letu kali, na chini ya mabati yale ungeweza kuanika dagaa.

Siku za kazi zilikuwa za ngumi na bunduki. Jumapili mchana ilikuwa ya wanawake. Mangi alishapiga hesabu yake: mwanaume anakuja peke yake na anataka kukopa, mwanamke anakuja na wifi, jirani na watoto watatu, na hela amefunga kwenye pindo la kanga. Kwa hiyo Jumapili ni Mhindi, na Mhindi ni mapenzi.

Mtafsiri wetu aliyeugua alikuwa anamuiga Lufufu, yule aliyevuma Dar kwa kutia Kiswahili kwenye mikanda, mpaka ile sauti nzito. Mimi sauti sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kujua kusoma yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na Mangi alidhani hiyo inatosha.

Picha lilikuwa *Kuch Kuch Hota Hai*. Lilikuwa limetoka huko India tangu Oktoba 1998, na wimbo wake tuliujua kwenye maharusi kabla hatujalijua lenyewe. Shah Rukh Khan ndiye Rahul, Kajol ndiye Anjali, lakini majina hayo ya ndani ya picha hayakumhusu mtu pale kibandani. Walikuwa Sharukani na Kajo, basi. Kwa asiyelijua: wanasoma chuo kimoja, marafiki wa kusukumana, Kajo amekata nywele kama mvulana na mpira wa kikapu anamfunga mwenzake. Anaingia Tina, binti wa mkuu wa chuo, ndiye Rani Mukerji, Sharukani akili inamruka. Kajo anapanda treni na donge lake. Tina anaolewa, anajifungua, anafariki, ila kabla ya kufa amemwachia mtoto barua nane, kila siku ya kuzaliwa afungue moja. Ya nane ndiyo inayomtuma mtoto akamrudishe Kajo kwa baba yake.

CD zilikuwa tatu, maana CD moja ya wakati ule ilibeba saa moja na kidogo tu, na picha lile ni la saa tatu.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Yale maandishi yalipita kama kifodi kilichojaa, hakisimami kituoni, kwa hiyo nilipokosa nilitunga. Mama yake Sharukani nilimpa lafudhi ya Vunjo. Treni ya Kajo niliipitisha Kahe. Wakacheka, nikapata nguvu. Mke wa fundi cherehani alisifia nyusi za Kajo kwa kuwa zimeungana kama zake, akadai tangu siku hiyo hazinyoi tena. Walipofika kwenye ule wimbo wanaokimbizana milimani, kwenye ngome ya mawe kando ya maji, mzee mmoja aliyekuja na wajukuu akauliza ni mlima gani huo. Nikasema Mumbai. (Ni Scotland, nimekuja kujua nikiwa mtu mzima.) Yule mzee akasema Wahindi wana nafasi, sisi huku mlimani mtu anapanda kwenda kukata majani ya ng'ombe, hajawahi kusikia mtu ameimbiwa.

Shida ilikuwa pale Sharukani anapofanya mazoezi ya kumtongoza Tina kwa kumwambia Kajo, na Kajo wa watu anadhani anaambiwa yeye. Neno lilikuwa moja tu na lilikaa kwenye kioo muda mrefu, halikunipa kisingizio. Benchi la tatu alikuwa amekaa mama yangu na kitenge chake cha kanisani, pembeni yake shangazi.

"Hapa anamwambia," nikasema, "anamwambia lile neno."

"Lipi?" sauti ikatoka nyuma.

"Lile."

"Liseme bwana, tumelipia!"

Nikalisema. Nikalisema nikiangalia vidole vya miguu yangu, harakaharaka, kama mtu anayetaja bei ya kitu kibovu. Wanawake wakaitika "mmh!" kwa pamoja. Mama alikuwa anajipepea na kitabu cha nyimbo na hakuacha kujipepea.

CD ya tatu ikaingia. Ile sehemu ya mvua, wanapocheza wawili bila ala, Kajo sasa ana nywele ndefu na amevaa sari, sikutafsiri kitu kwa sababu hakuna cha kutafsiri. Kibanda kilinyamaza, hata spika inayokoroma ikasikika. Kisha akatokea Salman Khan, Aman, mchumba wa Kajo, mtu wa watu, anacheka, hana kosa lolote. Pete ipo kidoleni. Harusi inapangwa. Na hapo uso wa Kajo ukagawanyika vigae vya rangi, mdomo ukahamia shavuni, picha likaganda.

Mangi akaitoa CD, akaihemea, akaifuta kwa pindo la shati. Ikaganda palepale. Akamtuma mtoto alete dawa ya meno, akaipaka, akaisuuza, akaianika kidogo juani. Safari hii deki ilikataa kabisa, ikawa inazunguka tu kama mashine ya kushona isiyo na uzi.

Akaninong'oneza, "Malizia."

"Mangi, sijawahi kuona mwisho wake."

"Malizia hivyohivyo. Hawa wakitaka hela zao, mshahara wako ndio unaondoka."

Nilimwelewa. Mwezi uliopita tulionyesha *Titanic*, na DiCaprio alipozama jamaa mmoja akaenda mlangoni kudai mia yake, kwamba tangu aanze kuangalia picha, steringi hafi. Mangi alibishana naye hadi usiku kwamba meli ilizama kweli, 1912, yeye afanyeje.

Nikasimama juu ya ndoo. Mtu aliyeliandika na kuliongoza picha lile alikuwa na miaka 26 na ndilo lilikuwa la kwanza kwake. Mimi nilikuwa na 18 na nilihitaji mwisho ndani ya dakika moja. Nikafikiri kama Mchaga. Pete imevishwa, wageni wamefika, chakula kiko jikoni. Nikawaambia Kajo anaolewa na Salman. Sharukani anampa mkono wa heri, anamshika mtoto wake, wanarudi nyumbani. Mwisho.

Kelele zilizotokea hapo sijawahi kuzisikia tena, hata kwenye uchaguzi.

Kundi la kwanza likasema nimesema kweli, mtu akishachumbiwa ni mke wa watu. Kundi la pili likasema hakuna picha duniani ambalo steringi ananyang'anywa mke, na tena wa barua. Mke wa fundi cherehani aliuliza marehemu aliandika barua nane za nini sasa, kumsumbua mtoto? Mama mmoja wa kwaya akasema marehemu naye alikosea, maana hakujua kama huyo Kajo mahari yake imeshalipwa. Neno mahari likawasha moto upya.

Shangazi yangu akapiga kofi benchi. "Mahari ni mbuzi! Mbuzi ana miguu. Anakuja, na anarudi. Muulizeni wifi yangu hapa."

Wale watu wazima wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla, kila mmoja akapata kitu cha kutazama. Mama akafunga upya kitambaa cha kichwa. "Nimeacha maharage motoni," akasema, akatoka. Tangu asubuhi hatukuwa tumewasha moto.

Mama simuulizi mambo hayo. Nilimuuliza shangazi, Jumanne, nimemkuta anamenya ndizi za mtori, kisu chake kile kilicholiwa na tupa mpaka kikabaki kama sindano. Hakuinua kichwa.

"Mama yako alikuwa ameshachumbiwa na mtu wa kwao, Uru. Mbege imenywewa, mbuzi watatu wameletwa. Akaja kwenye kipaimara huku kwetu, akamwona kaka yangu. Basi. Akarudi akamwambia baba yake hataki tena."

"Babu akasema nini?"

"Aseme nini, na mbuzi mmoja alishamchinja, mmoja kamuuza ada? Kaka yangu alinunua wawili Kiborloni akawaswaga kwa miguu mpaka Uru. Yule wa tatu alikuwa hai ila alikuwa ameshazaa, na mtoto wa mbuzi hakai na mahari ya watu. Mbuzi watatu wakarudi wanne." Akacheka peke yake, akatupa ndizi kwenye sufuria ya maji. "Halafu akaanza upya kutoa mahari yake mwenyewe. Baba yako amemlipia mama yako mara mbili, ndiyo maana kiatu chake kilikuwa kimoja miaka yote ile."

"Na yule mtu?"

Shangazi akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae. Kisu kikasimama.

"Unga mnasaga wapi?" akaniuliza.

Baada ya Jumapili mbili Mangi akapata CD nzima, za kuazima kutoka Arusha, akaandika ubaoni kwa chaki: MWISHO WA KWELI. Mtafsiri wetu alikuwa amepona, lakini wanawake wakakataa. Walisema aliyewadanganya ndiye atakayesema ukweli kwa mdomo wake. Benchi zilijaa tangu saa saba. Mama alikuja na kitenge kilekile, akakaa benchi lilelile.

Safari hii CD ya tatu ilipita pale ilipogandia, na kibanda kizima kikapumua. Harusi imepambwa, Kajo anashuka amevalishwa, analia, Sharukani naye machozi, wanatazamana tu. Na Salman anaona. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwisho unaweza kutoka kwake. Mimi nilipotunga, nilimfikiria Sharukani atafanya nini, nikamfikiria Kajo atafanya nini; huyu nilimwona kama mtu wa kupewa tu. Yeye ndiye anayemshika Kajo mkono, akamtembeza mbele ya wageni wote, akamkabidhi kwa mwenzake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kwenye tuzo za Filmfare wote wanne walipata, Shah Rukh na Kajol zile kubwa, Rani na Salman zile za wasaidizi. Salman alipewa kwa ile kazi ya kuacha bibi harusi aende. Naona aliistahili kuliko wote.

Vigelegele vikapasua mabati. Mke wa fundi cherehani alinirushia kandambili, ikanipata begani, na watu wakaona ni haki yangu. Sharukani na Kajo wanaoana, mtoto anarukaruka, majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Mangi akanyanyuka kuzima deki.

"Na huyu Salman naye?" Ilikuwa sauti ya mama. Kwa Jumapili zote mbili alikuwa hajasema neno juu ya picha mle ndani. "Yeye anaoa nani?"

Watu wakacheka. Mtu akasema, Mama, picha limekwisha. Lakini yeye alikuwa ananitazama mimi, kama mtu aliyelipa kiingilio na anasubiri kutafsiriwa. Nikatazama kioo. Majina tu, meupe, yanapanda, na hakuna hata moja lililohusu swali lake. Nikaleta maikrofoni mdomoni.

"Anaoa, mama," nikasema. "Haikai muda mrefu. Wanapata watoto wanne."

Kibanda kikaangua kicheko. Shangazi hakucheka, alikuwa ameniangalia mdomo wazi. Mama alikaa kimya kidogo.

"Haya," akasema, akaanza kutafuta kandambili zake gizani kwa mguu.