Tewa wa Maji Baridi: Nilivyompata Besi wa Ziwa Naivasha

Nimekulia Takaungu, Kilifi, katika nyumba ya wavuvi wa mshipi. Kufunga ndoana nilijua kabla ya kuandika jina langu. Kwa hiyo nilipopata kazi katika shamba la maua huku Naivasha, mwaka 2019, nilikuja na mishipi miwili imevingirishwa kwenye vibao, ndoana za kila ukubwa, na imani kwamba ziwa ni bahari iliyotulia. Jumapili ya kwanza nilikuwa ufukweni Kamere, natafuta mtu wa kunipeleka majini.

Samaki niliyemtaka ni besi, yule wa mdomo mpana. Nilimwona siku hiyo hiyo mezani pa wauza samaki: mgongo wa kijani kilichokoza, mstari mweusi ubavuni kutoka shavuni hadi mkiani, na taya refu linalopita nyuma ya jicho. Mwaka mzima na ushei ukapita sijamtia mkononi hata mmoja. Nilirudi nyumbani na karpi, nikarudi na perege. Besi, hapana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa chambo na mahali. Nilitia minyoo ya ardhini, nikakitosa chambo chini kwenye maji ya wazi, nikasubiri. Hivyo ndivyo anavyovuliwa karpi, ambaye hunusa na kufukua matope. Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hujibanza kwenye kivuli, kando ya gogo au chini ya majani, na kinachopita mbele yake hukimeza kwa mkupuo mmoja. Maji ya wazi hana haja nayo.

Kosa la pili lilikuwa vifaa. Nilinunua fimbo na rili, yaani kile kibiringo cha kuzungushia uzi, kwa mtu aliyekuwa anahama. Fimbo yenyewe nyembamba, laini, ya kuvulia trauti wa mito ya milimani, na uzi wake wa nailoni wa kubeba kilo mbili. Ilikuwa nzuri mkononi na nilijivunia nayo. Asubuhi moja nikarusha kijiko cha chuma, chambo bandia kinachometameta kama samaki mdogo, karibu na mgunga uliokufa ndani ya maji. Uzi ukakazika, fimbo ikapinda hadi kwenye mpini, rili ikalia. Nikawa nampa nafasi achoke, kama nilivyosoma mahali. Akazunguka shina mara moja tu. Uzi ukakatika, kimya kikatanda. Niliutazama ule mgunga muda mrefu.

Mzee mwenye mashua aliniuliza, "Kwenu pwani samaki wa miambani mnamvuaje?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka tewa. Baba alikuwa akiniambia, "Tewa hachezewi. Ukimpa nafasi ya kugeuka, umemrudisha nyumbani kwake." Tewa hukaa mdomoni mwa pango, na akishika chambo jambo lake la kwanza ni kurudi ndani. Kwa hiyo unatumia mshipi mnene, na dakika ya kwanza ndiyo unayotumia nguvu zako zote. Mdomo ule ule, tabia ile ile ya kuvizia, kasoro chumvi tu. Nilikuwa nimekuja na elimu niliyoihitaji, nikaiacha ndani ya begi.

Ziwa lenyewe lina mapango yake. Maji ya Naivasha yamepanda sana miaka hii, na 2020 yaliingia hadi kwenye nyumba za watu. Migunga iliyokuwa ukingoni ikafa imesimama, na leo unapita na mashua kati ya mashina meupe kama unapita msituni. Kwa waliopoteza makazi yalikuwa maafa, na sitaki kuyapunguza. Ila besi, ambaye babu zake waliletwa hapa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, amejipatia maficho tele. Chini ya mashina hayo kuna pia kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa 1970, na hao ni chakula anachokipenda. Ukijua anakaa wapi na anakula nini, umeshajua nusu ya vifaa vya kununua.

Nikaiuza ile fimbo. Ninayotumia sasa ni ya mita 2 na ushei, ngumu kuanzia kwenye mpini, inayopinda karibu na ncha tu. Ugumu wa chini ndio unaomng'oa samaki kwenye matawi, na ile ncha nyepesi ndiyo inayokuletea habari za chini. Kuhusu rili, nilijaribu ile ya kulala juu ya fimbo, ambayo wavuvi wengi wa besi Marekani huipenda. Pipa lake huzunguka lenyewe wakati wa kurusha, na usipolizuia kwa kidole gumba uzi hufumuka ukawa kama kiota cha ndege. Ziwani kuna upepo. Nilipoteza asubuhi tatu nikifumua viota. Nikarudi kwenye rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, na kwa anayeanza ningemshauri hiyo bila kusita.

Uzi ndio uliobadilisha mambo zaidi. Nailoni hunyumbuka. Ukivuta ukiwa mita 20 kutoka kwa samaki, sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye kunyumbuka kwa uzi, ndoana haizami. Nikahamia uzi wa kusokotwa, wa kubeba kilo 13 hivi, mwembamba lakini karibu haunyumbuki. Watu huhofia kwamba samaki atauona. Kwenye maji meupe kama kioo hofu hiyo ina maana, lakini maji ya Naivasha yana tope, na mvua ikinyesha milimani mto Malewa huleta tope zaidi. Breki ya rili naibana karibu yote. Fundo langu ni moja tu: uzi unakunjwa mara mbili, unapita kwenye tundu la ndoana, unafunga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha ndoana nzima inapitishwa kwenye kitanzi. Unalilowesha kwa mate, ndipo unalikaza. Ukilikaza kavu, uzi hujichoma kwa msuguano, nawe hutajua hadi samaki mkubwa akujulishe.

Sasa chambo. Huyu mzee alikuwa amewabeba wavuvi wa kigeni kwa miaka mingi, na alichojifunza kwao alinionyesha akiwa amekaa ukingoni mwa mashua, miguu ndani ya maji ya sakafuni. Ni mnyoo wa mpira uliofungwa kwa mtindo wa Texas. Uzi unapita kwanza kwenye chubwi, kile kizito cha kuzamisha chambo, yenye umbo la risasi ya bunduki, ncha ikitazama mbele, gramu 7 hadi 10. Chubwi haifungwi, inaachwa iteleze. Kisha unafunga ndoana pana yenye kona shingoni, namba 3/0. Ncha ya ndoana unaichoma kichwani mwa mnyoo, nusu sentimita tu, unaitoa kwa chini, unamvuta mnyoo juu hadi kichwa chake kikae kwenye ile kona. Unaigeuza ndoana, unaichoma ncha kwenye tumbo la mnyoo mpaka ikaribie kutokeza mgongoni, unaiacha humo. Ncha imefichwa, kwa hiyo unaweza kuiburuta juu ya matawi na majani isinase.

"Tazama kama amenyooka," mzee alisema, akaninyang'anya na kuanza upya. Mnyoo aliyejikunja huzunguka majini, nao uzi husokotana. Hata leo nikiharakisha hapo huwa najuta.

Kurusha ni kulenga kivuli cha shina, usilenge mbali. Unaacha chambo kizame, uzi ukiutazama muda wote, maana wengi hushika kikiwa bado kinashuka. Kikifika chini unainua ncha ya fimbo taratibu, kiasi cha shubiri mbili, unakiacha kianguke tena. Unatulia. Unarudia. Mimi nilikuwa na mkono wa haraka, na mzee alinihesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo niinue.

Besi wangu wa kwanza hakunistua hata kidogo. Nilikuwa nangojea kishindo. Nilichoona ni uzi uliokuwa umelegea juu ya maji ukianza kwenda upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayeuvuta chini ya mlango. Nikapunguza uzi uliolegea, nikashusha ncha, nikaikwanyua juu kwa mikono miwili. Uzito! Akaelekea kwenye shina, nami nikakataa. Sikumpa hata sentimita. Akaruka nje ya maji, mdomo wazi, akatikisa kichwa, nikashusha fimbo ili uzi usilegee. Mzee alimshika kwa kidole gumba kwenye mdomo wa chini. Meno yake ni kama msasa tu, hayakati, na akishikwa hivyo hutulia. Ila miiba ya mgongoni iheshimu.

Alikuwa na kilo moja hivi. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na kidogo, aliyoiweka George Perry kule Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita akamfikia katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Mkubwa wangu hadi leo hajafika kilo mbili, nami namkumbuka kila nikipita pale.

Mnyoo hautoshi kwa siku zote. Tope likizidi, besi huwinda zaidi kwa kuhisi mtikisiko wa maji ubavuni mwake kuliko kwa macho. Siku hizo nafunga ule waya uliopindwa kama herufi V, upande mmoja kisahani cha chuma kinachozunguka, upande mwingine ndoana iliyovishwa sketi ya mpira. Navuta kwa mwendo mmoja, nikiugonga kwenye mashina kwa makusudi. Rangi nachagua nyeusi au kahawia yenye wekundu. Watu hudhani tope linataka rangi ya kung'aa, lakini kwa uzoefu wangu chambo cheusi huonekana vizuri kwa umbo lake.

Gugumaji nalo, ambalo wavuvi wa nyavu wanalilaani kwa haki kabisa, lina faida moja. Pembezoni mwa mkeka wake natumia chura wa mpira, ndoana zake zimelala mgongoni. Unamburuta juu ya majani, unamfikisha kwenye uwazi, unamsimamisha. Maji yakipasuka, mwili wako wote utataka kuvuta. Usivute. Ngoja usikie uzito, maana mara nyingi amepiga tu na hajafunga mdomo. Hili limenichukua muda mrefu kuliko mengine yote.

Natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa sita, kwa sababu upepo wa mchana hapa hauna mzaha na mashua. Viboko nao hawasamehe: wameua wavuvi ziwa hili. Mzee akisema sehemu fulani haipitiki leo, hatupiti, hata kama ndipo penye samaki. Leseni iwe mfukoni na jaketi la kuokolea liwe mwilini.

Desemba iliyopita baba alikuja kunitembelea. Nilimwandalia fimbo, akaishika, akairudisha. Akaomba mshipi wake wa mkono. Nikamfungia mnyoo wa Texas juu yake, akaushusha kando ya mgunga, uzi ukiwa umelala juu ya kidole chake cha shahada, macho yake yakitazama mlima Longonot. Hakuwa anautazama uzi kabisa. Baada ya robo saa alikwanyua mkono, akamtoa besi majini kabla sijaweka fimbo yangu chini.

"Amegusa mara mbili kabla ya kushika," aliniambia. "Wewe hukusikia?"

Mimi mbele ya mashua sikuwa nimesikia chochote, na fimbo ya kisasa mkononi. Tangu siku hiyo nikirusha na chambo kikizama, uzi naupitisha juu ya kidole cha shahada, mbele ya rili, nauacha hapo. Ile migusano miwili midogo sasa naipata. Jumamosi iliyopita niliipata mara nne, na samaki watatu wakaingia mashuani.