Meno yangu na maji ya kisima cha nyumbani

Mama yangu ana meno meupe kama tui la nazi. Sisi watoto wake wanne, meno yetu yana mabaka ya kahawia. Yeye alilelewa Vihiga, akaja kuolewa huku Rongai, Nakuru, akiwa mtu mzima. Sisi tumezaliwa hapa na kukua kwa maji ya hapa. Nilipopelekwa shule ya bweni Kakamega, siku ya kwanza tu msichana mmoja aliniuliza kama kwetu miswaki haijafika. Nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Hadi leo mkono hupanda wenyewe.

Sasa niko mwaka wa tatu chuoni, nasoma kemia, na muhula huu tuna kemia ya uchanganuzi. Wenzangu wengi hawaipendi. Wanasema ni kazi ya karani: pima, andika, pima tena, andika. Wiki za mwanzo zilikuwa titresheni tupu, yaani kudondosha myeyusho tone kwa tone, jicho likikodolea bureti, ule mrija wenye alama za vipimo, mpaka linatoa machozi. Siku moja tu ndiyo iliyochangamka, tulipoletewa maji ya Ziwa Nakuru, ambayo pH yake, kipimo cha uasidi na ubesi, hufika karibu 10. Matone mawili ya fenolfthaleni, kiashiria kinachobadilika rangi kwenye besi, na chupa nzima ikawa waridi.

Halafu ikaja zamu ya kupima floridi, ile ya majini ambayo ikizidi hutia meno madoa kama yangu, na mhadhiri akasema kila mtu alete maji ya kwao. Nilijaza chupa ya plastiki kisimani kwetu, kile kilichochimbwa kwa mashine. Lazima iwe plastiki, kwa sababu floridi na kioo hawapatani.

Kifaa chenyewe ni elektrodi yenye kipande cha fuwele ya lanthani floridi kwenye ncha. Kilibuniwa Marekani na Frant na Ross miaka ya 1960. Hakikuambii kiasi cha floridi moja kwa moja, kinakupa milivolti. Floridi ikiongezeka mara kumi, milivolti zinashuka kama 59 hivi kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo kwanza unatengeneza myeyusho sanifu: sodiamu floridi iliyokaushwa, gramu 2.21 katika lita moja, nayo inakupa miligramu 1000 za floridi kwa lita. Unaipunguza hatua kwa hatua, unachora grafu, ndipo unaleta maji yako.

Grafu yangu ilinyooka kama uzi. Nikatumbukiza elektrodi kwenye maji ya nyumbani, nikasoma, nikapata miligramu 11.4 kwa lita. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidiwe ni 1.5. Nilisimama pale na koti langu jeupe nikihisi hasira imenipanda kooni. Nilitaka kumpigia Mama simu palepale.

Fundi wa maabara, mzee tunayemwita Baba, alitazama daftari langu. "Binti, maji yako umeyatia bafa?"

Sikuwa nimetia. Bafa ni myeyusho unaochanganywa na kila sampuli ili zote zipimwe katika hali moja. Myeyusho sanifu wote nilikuwa nimeuchanganya na bafa nusu kwa nusu, lakini maji ya nyumbani niliyapima yalivyo. Nusu ya kosa niliielewa mara moja: myeyusho wa grafu ulizimuliwa mara mbili, maji yangu hayakuzimuliwa. Nusu ya pili ilinichukua jioni nzima. Elektrodi haihesabu floridi yote iliyomo. Inahisi ile iliyo huru, na jinsi inavyojituma hutegemea msongamano wa ayoni nyingine, yaani chembe zenye chaji, majini. Bafa hujaza ayoni kila chupa kiasi kilekile, hushikilia pH kwenye 5 na kitu, na humnyang'anya aluminiamu floridi aliyoikumbatia. Bila hiyo unalinganisha watu wawili, mmoja kasimama kwenye ngazi.

Nikarudia mara tatu na bafa: 4.6, 4.7, 4.6.

Bado ni mara tatu ya kiwango. Lakini si 11.4, na nilishukuru sikupiga ile simu.

Wikendi nilikwenda nyumbani. Mama alinisikiliza huku akichambua sukuma, kisha akasema, "Lakini mwanangu, maji ya kunywa mimi huyachemsha." Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kueleza. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floridi haiendi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki yana floridi zaidi. Na majani ya chai nayo yana floridi yake, na Mama huichemsha chai mpaka iwe nyeusi. Nikamweleza pia kwa nini yeye alisalimika: madoa haya huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, utotoni. Alinyamaza kidogo. "Basi wale walimu waliokuwa wakiwachapa kwa uchafu wa meno…" Hakumaliza.

Nikamtajia chujio la mkaa wa mifupa, linalotumika sana Nakuru. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye joto kali, na madini yake, ya jamaa moja na ya meno yetu, huinasa floridi kabla hujainywa. Akakunja uso. Mifupa kwenye maji ya kunywa! Tukakubaliana kwa sasa maji ya mvua ya lile tangi la kwenye paa yawe ya mtoto wa dada yangu, ambaye ana miaka miwili na meno kama punje za mahindi machanga. Kisima kibaki cha kufulia na cha ng'ombe.

Jumatatu alfajiri, nikingoja matatu, nilikuta majirani watatu langoni, kila mmoja na chupa yake ya maji. Moja ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Nikamrudishia Mama Njeri, nikamwomba aisuuze vizuri, au bora atafute nyingine.