Wawelisi hawakugeuza lugha kwa sababu umeingia wewe

Ukiishi kaskazini mwa Wales, kuna kisa utakachosimuliwa kila ukivuka kwenda England. Mtu anakwambia aliingia baa ya kijijini huko kwenu, akakuta watu wanaongea Kiingereza vizuri tu, na walipomwona wakaingia Kiwelisi ili wamsengenye. Nimekisikia kwa Waingereza. Nimekisikia pia kwa Wakenya wenzangu waliotoka Birmingham na Luton kuja kutembea, na hao ndio walioniuma zaidi.

Mimi naishi Gwynedd. Katika sensa ya 2021, asilimia 64 ya wakazi wa hapa walisema wanazungumza Kiwelisi, na ukifika mjini Caernarfon idadi inapanda zaidi ya hapo. Ukiingia dukani, wenyeji walikuwa wakiongea Kiwelisi kabla hujashika kitasa cha mlango, na wataendelea nacho ukishaondoka. Pengine ulidaka maneno mawili matatu ya Kiingereza, maana nao huchanganya kama tunavyochanganya sisi, ukadhani ndiyo lugha waliyokuwa nayo. Zamu yako ikifika utahudumiwa kwa Kiingereza safi. Sijawahi kunyimwa jibu hapa kwa kutojua lugha yao.

Mwingereza namwelewa, amekulia mahali ambapo lugha yake inamtosha kila kona. Lakini sisi? Mtu akishuka Kaloleni, kule Kilifi, siku ya soko akawakuta kina mama wanapatana bei kwa Kigiriama, atasema wamegeuza kwa ajili yake?

Ukifika Cardiff, tenga siku moja uende St Fagans, makumbusho yaliyo nje kidogo ya mji. Wana kipande kidogo cha mti kilichochongwa herufi mbili, W na N. Kinaitwa Welsh Not. Katika karne ya 19, kwenye shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao cha aina hiyo shingoni. Njia ya kukivua ilikuwa moja, umsikie mwenzako naye akisema Kiwelisi, kihamie kwake. Kengele ya mwisho ikilia, aliyekutwa nacho ndiye aliyekula fimbo.

Mkenya wa rika langu hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi tuliita diski. Ya kwetu ilikuwa kipande cha mbao kwenye kamba ya katani, na ilizunguka shule nzima tangu gwaride la asubuhi hadi saa kumi. Kosa lilikuwa Kigiriama, na kwa walimu wengine hata Kiswahili. Fimbo ilipoa baada ya siku mbili. Kilichokaa ni ule ujasusi. Watoto tulijifunza kutegana, kumchokoza mwenzako kwa makusudi mpaka alie kwa lugha ya mamake, ili umkabidhi. Wapo niliosoma nao ambao leo hawawezi kusema na nyanya zao bila mkalimani, na mimi siamini walisahau wenyewe tu.

Na kama kwetu, aliyeshika fimbo Wales mara nyingi alikuwa Mwelisi mwenyewe, na wazazi wengi waliridhia kwa kuwa waliona Kiingereza ndicho kazi. Mwaka 1847 serikali ya London ilikuwa imetoa ripoti nene kuhusu shule za Wales. Wakaguzi watatu walioiandika walikuwa Waingereza, na hakuna aliyejua Kiwelisi. Waliwakuta watoto wasioelewa maswali ya Kiingereza, wakaandika kwamba ni wajinga, na kwamba lugha yao ni kizuizi cha maendeleo na maadili ya taifa zima. Jalada la ripoti lilikuwa la buluu. Mpaka leo Wawelisi huiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu, na mzee atakutajia huo mwaka kana kwamba alikuwepo.

Si kila mwandishi aliwaandika hivyo. Gerald, padri aliyekuwa na damu ya Kiwelisi upande wa mama, aliizunguka nchi mwaka 1188 pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury wakitafuta wapiganaji wa vita vya msalaba. Alikuwa na maneno makali juu yao, lakini aliandika pia kwamba ombaomba hawapo, kwa sababu nyumba zote ziko wazi kwa wote, na kwamba mgeni anayefika asubuhi huburudishwa kwa kinubi hadi jioni. Aliandika kuwa hawaimbi kwa sauti moja kama watu wengine, kila mwimbaji ana sauti yake na mwisho zote zinakutana. Ingia ukumbini kwaya ya wanaume ikifanya mazoezi, utakuta bado ni hivyo.

Kazi yangu ni kutunza wazee, ile wenyewe tunaiita kea. Hapo ndipo niliacha kuona Kiwelisi kama jambo la mabango ya barabarani. Tulikuwa na bibi mmoja, mkulima wa kondoo maisha yake yote, ambaye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulikuwa umemvua Kiingereza chote. Kiingereza alikipata shuleni, kikawa cha kwanza kuondoka. Ukimwambia chai iko tayari, anageukia ukuta. Kwenye daftari la zamu iliandikwa kwamba anakataa kunywa. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alikuwa akivaa beji ya rangi ya chungwa yenye umbo la kile kiputo cha maneno cha kwenye katuni. Beji hiyo utaiona hospitalini, benki, hata maktaba, na maana yake ni kwamba aliyeivaa unaweza kusema naye Kiwelisi. Akanifundisha sentensi moja: *Dach chi isio panad?* Yaani, unataka kikombe cha chai? Akanikazania ile *chi*, kwa sababu wana *ti* ya rika na *chi* ya heshima, na kumwambia bibi wa umri ule *ti* ni sawa na kumpita bila shikamoo.

Nilimwuliza bibi kama nilivyofundishwa. Akageuka, akanitazama usoni, akajibu: *Oes 'na fisged?* Alitaka kujua kama kuna biskuti. Ilikuwepo. Alikunywa kikombe kizima, akaniita *del*, ambalo huku ndilo neno la kumbembeleza mtu unayempenda. Tangu siku hiyo daftari lilibadilika. Miongozo ya afya ya Wales inataka mgonjwa apewe huduma kwa Kiwelisi kabla hajaiomba, na mimi naona ni haki kabisa, maana yule bibi asingeweza kuiomba.

Wengi wenu mnaniuliza kama lugha yenyewe inajifunzika. Kwa Mswahili, inajifunzika kuliko mnavyotishwa. Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Inasomwa jinsi ilivyoandikwa, ukishazijua herufi zao. Dh na th tunazo tayari, na kh ya wazee wa Pwani ndiyo *ch* yao. Waingereza wanahangaika kuanza neno kwa ng', sisi tuna ng'ombe na ng'ambo. Hata lile linalowatoa watu jasho, kwamba neno hubadilika kichwa likikaa kwenye sentensi, Cymru, ndiyo Wales kwa lugha yao, ikawa Gymru, mara Nghymru, halimshangazi mtu aliyezaliwa akisema ulimi na ndimi. *Ll* ndiyo yenye kazi. Weka ulimi kama unataka kusema L, kisha puliza pembeni.

Na kama unapenda mashairi, umefika kwa wenzako. Kila Agosti kuna tamasha la kitaifa liitwalo Eisteddfod, wiki nzima, mwaka mmoja kaskazini na mwaka mwingine kusini, na jukwaani ni Kiwelisi tu. Mshairi bora wa tungo za arudhi hukalishwa kwenye kiti kilichochongwa kwa ajili yake. Arudhi yao ni kali. Katika mtindo mmoja, konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo lazima zijibiwe kwa mpangilio uleule na nusu ya pili, na juu ya hapo kuna vina. Redioni kuna kipindi ambacho timu za washairi wa mitaa zinashindana, na washairi wenyewe ni walimu, wakulima, wauguzi. Mtu aliyelelewa na kujibizana kwa mashairi redioni atasisimka. Mwaka 1917 mshindi alipoitwa hakuinuka, kwa sababu Hedd Wyn, kijana mfugaji kutoka Trawsfynydd, alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji wiki chache kabla. Kiti kilifunikwa kitambaa cheusi.

Mnaniuliza pia kuhusu rangi. Siwezi kuwadanganya kwamba hakuna ubaguzi, Cardiff ilikuwa na ghasia dhidi ya watu weusi mwaka 1919 na maneno machafu bado yapo. Lakini muulizeni Mwelisi mzee wa mabonde ya makaa ya mawe kuhusu Paul Robeson. Mwimbaji huyo, Mmarekani mweusi, aliwapenda wachimbaji wa kusini mwa Wales nao wakampenda. Marekani ilipomnyang'anya pasipoti, mwaka 1957 aliwaimbia kwa simu kutoka New York, na ukumbi mzima wa Porthcawl ukamwimbia naye. Hiyo wanaikumbuka kama habari ya mtu wa nyumbani.

Lugha hii haikubaki kwa bahati. Kuna vijana waliofungwa jela kwa kupaka rangi mabango ya Kiingereza kitupu. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza atafunga kula hadi kufa kama serikali haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikasalimu amri, na S4C ikaanza kurusha matangazo Novemba 1982. Sheria ya 2011 ndiyo iliyoipa lugha hadhi rasmi. Hata hivyo sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000, pungufu kutoka 562,000 miaka kumi kabla, huku serikali ya Wales ikiwa imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo 2050.

Sababu moja ya kupungua inaonekana kwa macho. Pita Abersoch, kijiji cha pwani, wakati wa baridi uhesabu madirisha yasiyo na taa. Ni nyumba za likizo, na vijana wa pale hawana uwezo wa kuzinunua. Shule ya msingi ya kijiji, ya Kiwelisi, ilifungwa mwishoni mwa 2021 kwa kukosa watoto. Nilipoelezwa habari hiyo nilifikiria Watamu, kwetu pwani ya Kenya, na vijana wetu wanaolinda mageti ya nyumba zilizojengwa kwenye viwanja vya babu zao. Kwa hiyo mkazi wa Llŷn, rasi ilipo Abersoch, akikunja uso anapoona gari jingine la watalii, msiharakishe kusema Wawelisi ni wakali.

Kwa mnaokuja kufanya kazi au kusoma Bangor, anzeni kabla ya safari. Kituo cha Taifa cha Kujifunza Kiwelisi kina kozi za mtandaoni kwa wasiojua hata neno moja, na mkishafika kuna Nant Gwrtheyrn, kijiji cha zamani cha machimbo ya mawe kando ya bahari, ambako mnaweza kukaa siku kadhaa mkisoma na kula pamoja. Mkijiandikisha mtaulizwa kaskazini au kusini. Kama mnakuja upande wetu chagueni kaskazini. Maziwa huku ni *llefrith*, kusini ni *llaeth*, na wazee ninaowahudumia wanataka *llefrith* kwenye panad yao.