Bamvua la wiki ya pili

Jicho la kulia la mamaangu limekatwa mara mbili, na hii nnayoieleza ni ile ya pili, mwaka 2019 mwezi wa kwanza, kaskazi inavuma hasa.

Ya kwanza alifanyiwa miaka miwili nyuma pahala ambapo sitopataja, kinyama kilichoota juu ya weupe wa jicho kikakatwa, akapewa kichupa kimoja cha dawa akaambiwa nenda nyumbani umepona, na sie tukaamini maana jicho lilikuwa jeupe pee. Haikufika miezi minne kikaanza kurudi, upande wa pua vilevile, kinene na chekundu kuliko cha mwanzo. Mtaani wakasema huyo mtoto wa jicho, mmoja akaleta asali mwengine akasema atiwe maziwa ya mzazi. Na mtoto wa jicho ni kitu chengine kabisa jamani, ule ni ukungu wa ndani kwenye lenzi, hichi cha mama ni ngozi nyembamba ya juu ya weupe wa jicho inayotambaa kuelekea kwenye mboni, kizungu chake terijiamu, na kinachokileta zaidi ni jua, upepo na vumbi. Mwani kwetu Zanzibar umeanza kulimwa 1989 na mama alikuwemo tangu mwanzo mwanzo, sasa hesabu mwenyewe jua alilokula.

Daktari wa mara ya pili alikaa na sie. Akasema mama, kukikata kinyama si tabu, tabu ni kukizuia kisirudi. Wakikata tu wakaacha pale wazi, wanaorudiwa wanaweza kufika nusu na hata zaidi, lakini wakichukua kipande cha ngozi ileile safi, chini ya kope la juu, wakakipandikiza pale palipokatwa, wanaorudiwa ni wachache, mara nyingi hawafiki 15 katika 100. Mie roho iliniuma kweli, nikawa najiuliza mbona mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyetwambia neno hilo. Basi akapandikizwa, tukarudi na masharti: matone kwa saa, asisugue jicho, maji yasiingie, asikae kwenye moshi wa kuni, na miwani ya jua ile inayofunika mpaka pembeni. Mama kubwa lililomshughulisha ni udhu, mpaka alipoulizia msikitini wakamwambia mgonjwa dini imemuwekea wepesi, atayamamu, ndo akatulia.

Wiki ya pili likaingia bamvua. Kwa asiyejua, bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na kwetu maji ya bamvua yanakupwa kabisa mnamo saa nne saa tano asubuhi, kwa hiyo wanawake wanashuka saa mbili wanapanda saa saba, yaani lile jua kali lote liko juu yao. Nilitoka kidogo dukani, narudi mama hayupo, kamba hazipo, miwani iko juu ya kitanda. Nilikimbia mie, sikumbuki hata kama nilivaa viatu. Nikamkuta maji ya magoti, ameinama anafunga mwani, mikono yote ina kazi na jicho anajifutia kwa bega lenye maji ya chumvi.

Mama! Jicho hilo mama!

Akanambia mwanangu bamvua hili, siku hizi nikizikosa mwani unakatika wote unakwenda na maji, na kamba nimekopa.

Sikuwa na la kumjibu kwa sababu ni kweli. Nikamwambia nipe hizo kamba. Akakataa, nimekusomesha mpaka mjini ukapata kazi uje kufunga mwani? Nikamwambia mama, ukirudiwa mara ya tatu nani atakuongoza njia? Akanitazama kwa lile jicho jekundu, akanipa. Nikamrudisha mpaka chini ya mivinje, nikamtia dawa, nikashuka peke yangu.

Mpaka saa saba nilikuwa ndani ya maji, na hapo ndo nilipofahamu alichokieleza daktari, kwamba mwanga unaotokea ubavuni unapita kwenye kioo cha jicho unakusanyika upande wa pua, ndo maana kinyama huota zaidi upande huo. Ukaya nimejifunga mpaka usoni lakini haukusaidia kitu, jua linakurudia kutoka kwenye maji, kutoka kwenye mchanga mweupe, linakuingia kwa pembeni. Usiku macho yalinichonyota sikulala vizuri. Siku moja tu.

Nikaomba likizo kazini, mabamvua mawili nikashuka mie, yaliyofuata akashuka mdogo wangu. Alamu ya simu ikilia mama anainua uso mwenyewe tumtie matone. Mwanzo mara nyingi kwa siku, baadae mara nne, tatu, mbili, yanapunguzwa pole pole kwa miezi. Na tulikatazwa kabisa kujinunulia tu duka la dawa tukaendelea kutia, maana dawa ile ikizidi bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, ukaponya kinyama ukapoteza kuona.

Mwezi wa tatu nikaona mshipa mwekundu mwembamba unaelekea kwenye mboni. Sikungoja, asubuhi yake tukapanda daladala la mjini. Daktari akatazama kwenye mashine, akaongeza matone, akasema mmefanya vizuri kuwahi, miezi sita ya mwanzo ndo ya kuichunga zaidi. Njia nzima ya kurudi mama kimya, kashika mkono wangu.

Mshipa ukanywea. Mwezi wa nane, kusi inavuma, akashuka mwenyewe pwani, kofia pana juu ya ukaya, na miwani kaifunga nyuma ya kichwa kwa kile kikamba cha mwani ili maji yasimchukulie.